Taa Nne za Jiko la Mama

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, siku ya Jumapili, mama aliponiambia kwamba jiko lake limeingia giza. Saa naikumbuka kwa sababu niliitazama. Nilikuwa nimetunza stoo kwa miaka mingi, na mtunza stoo hutazama saa kila kitu kinapoingia au kutoka, hata kama kilichotoka ni neno tu. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya shamba la misitu la Olmotonyi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, ndani kidogo ya mlango wa jiko, nikisoma gazeti bila taabu yoyote. Hilo la gazeti nimekuja kulifikiria baadaye sana.

"Jiko limekuwa na giza siku hizi," alisema. "Zamani halikuwa hivi."

"Ni masizi, yeyo," nilimjibu. Sisi Waarusha mama tunamwita yeyo. "Moshi wa miaka yote umeganda ukutani."

Alikoroga chungu kidogo. "Labda ni masizi," akasema.

Jiko lenyewe lilisimama peke yake nyuma ya nyumba. Kuta zake zilikuwa za mabanzi yaliyonunuliwa kwa wapasuaji mbao wa msituni, paa la bati, dirisha moja dogo upande wa mlima, na katikati mafiga matatu. Juu ya mafiga, kwenye dari ya fito, yalining'inia mahindi ya mbegu yaliyokaushwa na moshi. Baba alikwisha kufariki. Mdogo wangu, kitindamimba, alikuwa amejenga hatua chache kutoka hapo, lakini muda mwingi alikuwa machimboni Mererani akitafuta jiwe la bahati, na mkewe ndiye aliyebaki na mama.

Kwetu boma la mama huenda kwa mwana wa mwisho, na mafiga ya mama huenda kwa mke wa mwana huyo. Lakini hayaendi mpaka mama mwenyewe ayatoe. Maadamu mama anapika, jiko ni lake, na mkamwana anapika kwenye kijiko chake kidogo nyuma ya nyumba yake, hata kama mvua inamnyeshea. Siku mama anapomkabidhi mkamwana mwiko, mambo yanageuka. Tangu siku hiyo yeye ni mtu wa kupakuliwa. Chai anaisubiri. Mgeni akipita hawezi kumwambia "kaa ule" kwa sababu chungu si chake. Mama aliyaona hayo kwa mama mkwe wake, ambaye alimaliza miaka yake kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya mlango, akiuliza kila saa kama chai bado. Mara nyingi tulimsikia mama akisema, kwa kicheko ambacho hakikuwa kicheko, "Siku nikiacha kupika, mseremala aanze kupima mbao."

Kwa hiyo aliposema jiko lina giza, nilielewa vizuri kilichokuwa hatarini. Mwanamke asiyeona anachopika hataendelea kupika muda mrefu. Nikaamua kwamba giza hilo nitaliondoa.

Nilikuwa na muda, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na fedha mkononi. Shirika la umma nililofanyia kazi lilikuwa limeuzwa, na sisi wa stoo tulikuwa wa kwanza kupunguzwa. Nikarudi nyumbani kwangu Kimandolu na kiinua mgongo ndani ya bahasha ya kaki. Wenzangu wengi walinunua nguo za mitumba wakaanza biashara. Mimi nilinunua kwanza vitabu, navyo vilikuwa vya mitumba vilevile, vimetandazwa juu ya turubai pembeni mwa soko. Shule niliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua nimeyatoa kwenye vitabu vya namna hiyo, kwa msaada wa kamusi. Kimoja kilihusu mwanga wa majumbani. Kilikosa jalada na kurasa za mwanzo, lakini sura ya jikoni ilikuwa nzima.

Niliisoma mpaka nikaielewa. Kilisema kosa la watu wengi ni kutundika taa moja katikati ya dari. Mpishi anapoinamia meza au jiko, taa inabaki nyuma yake, na anafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Taa itoke mbele, au ubavuni, juu ya mikono. Kilisema pia kwamba ukuta mweusi unameza mwanga na ukuta mweupe unaurudisha. Nilifurahi sana kusoma hayo, kwa sababu jiko la mama lilikuwa na makosa yote mawili kabla hata halijapata taa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Olmotonyi na mshumaa, chaki na futi kamba.

"Shikamoo yeyo."

"Marahaba, baba. Umekuja kupima kaburi?"

"Nimekuja kupima jiko. Simama pale unaposimama ukisonga ugali."

"Nisimame bila sufuria? Jirani akichungulia atasema nimerogwa."

"Simama tu."

Akasimama, ameshika mwiko hewani kama fimbo ya mchungaji, akicheka. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliyekuwa analeta kuni, akacheka pia. Mimi nikazunguka na mshumaa, nikiangalia kivuli cha mama kinaangukia wapi, na kila kilipoangukia nikachora kwa chaki. Nilifanya hivyo mahali pa kukatia mboga, mahali pa kupepetea mchele na pale mafigani. Nilifunga dirisha nikapima, nikafungua nikapima. Nilikaa mahali pake na gazeti nikaona herufi zinaanza kupotea saa ngapi. Kwa macho yangu zilianza kupotea karibu na saa moja. Nikaandika.

Nilipima kila kitu kilichokuwa ndani ya jiko lile isipokuwa mtu aliyekuwa amesimama katikati yake na mwiko.

Mpango ulikuwa wa taa tatu. Taa ya tyubu, ile ndefu nyeupe, ingekaa ukutani juu ya ubao wa kukatia. Glopu yenye kifuniko cha kioo, ili mvuke usiiharibu, ingekaa mbele ya mafiga upande wa kushoto, maana mama alikorogea mkono wa kulia. Glopu nyingine ingekaa mlangoni, kwa ajili ya ngazi. Na kuta zote zipigwe chokaa. Hapo kwenye chokaa mama alibisha.

"Na mbegu zangu? Zinataka moshi."

"Mbegu hatuzigusi. Ni kuta tu."

"Ukuta mweupe jikoni. Hata wa kanisani kwetu si mweupe hivyo."

Miaka michache kabla ya hapo kazi hiyo isingewezekana. Tulikuwa tunapata glopu kwa kibali, na ukikuta duka linazo unanunua hata kama huna umeme, kwa sababu kesho hazitakuwepo. Sasa maduka ya mjini yalikuwa yamejaa. Zilikuwepo za Dubai, za China, za India, nyeupe, za manjano, za rangi ya maziwa, na muuzaji aliniuliza nataka ipi, swali ambalo sikuwahi kuulizwa dukani. Nilikaa pale muda mrefu nikizijaribu moja moja mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua taa au natafuta mchumba.

Laini ya umeme ilikuwa imefika barabarani karibu na boma. Nililipia nguzo moja na kuunganishiwa nyumba, nikamwita fundi, Mchaga mmoja mcheshi aliyekuwa na karakana Kimandolu. Aliutazama mchoro wangu, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Mzee, hapa tunafunga taa za jiko au za kumpasulia mtu?"

"Funga kama ilivyochorwa."

"Nafunga. Ila nyie Waarusha mnanishangaza. Ng'ombe wako gizani, ugali uko kwenye mwanga wa uwanja wa mpira."

"Wewe Mchaga ungeweka wapi?"

"Mimi ningeweka dukani," akasema, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya kuwasha walikuja majirani na mzee wa kanisa, ambaye alisali sala ndefu kuhusu Nuru. Ilikuwa alasiri, mawingu yameshuka mlimani. Niliona ni haki mama abonyeze swichi mwenyewe. Nikamwonyesha, "Ile pale, yeyo, kando ya mlango." Akanyoosha mkono. Mkono ukagusa ukuta pembeni ya swichi, ukapapasa juu, ukapapasa chini, ukaipata. Watu wakacheka kwa upendo. Mmoja akasema, "Mwacheni, ndiyo mara yake ya kwanza." Mama naye akacheka. Shemeji yangu hakucheka, na nilidhani anaona wivu.

Taa ziliwaka zote kwa pamoja. Kuta zile mpya zikarudisha mwanga kama kitabu kilivyosema. Palikuwa peupe kiasi cha kuhesabu punje za mahindi darini. Mama alivuta kitenge chake mpaka kwenye nyusi, na machozi yakamtoka.

"Anafurahi," jirani akasema.

"Mwanga ni mwingi," mama akasema. "Mungu akubariki, baba."

Nilirudi Kimandolu nikiwa nimeridhika kuliko siku yoyote niliyofanya kazi kwa mshahara.

Baada ya hapo nilikuwa nikipanda kumwona kila nilipopata nafasi, na mara nyingi jioni nilikuta taa za jikoni zimezimwa. Mama alikuwa anapika kwa mwanga wa moto, amekaa karibu na mafiga kiasi kwamba kitenge chake kilikuwa na matundu ya cheche.

"Kwa nini hujawasha?"

"Bili, baba."

Nikamweleza kwamba bili nalipa mimi, na kwamba glopu moja kwa jioni nzima haimalizi hata bei ya kiberiti. Nilimpigia hesabu. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri, kisha akaniomba niwashe. Nilipowasha aligeuza kigoda akazipa taa mgongo.

Nilimfuata shemeji nje, alikokuwa anakatia ng'ombe majani.

"Shemeji, hizi taa zina shida gani?"

Aliendelea kukata. "Taa hazina shida, shemeji."

"Mbona hawashi?"

"Muulize mama."

"Nimemuuliza. Anasema bili."

"Basi ni bili," akasema, akabeba mzigo wake akaenda zizini.

Nikafikiri kwa utaratibu, kama nilivyojizoeza. Kama mama anageuza mgongo, maana yake mahali pake pa kazi pamehama. Kama pamehama, basi pale alipohamia hakuna taa. Nikanunua taa ya nne, tyubu ndefu kuliko ile ya kwanza, nikaifunga mwenyewe kwenye ukuta aliokuwa anautazama. Kwa hiyo popote alipogeukia, mwanga ulikuwa usoni pake. Alisema, "Ahsante, baba."

Nilichokuwa sikijui, na ambacho daktari alinieleza baadaye, ni kwamba jicho lenye mtoto wa jicho ni kama kioo chenye ukungu. Mwanga mkali ukikipiga, ukungu wote unawaka, na mtu haoni chochote isipokuwa weupe. Kwenye jiko lenye masizi na moto mdogo, mama alikuwa bado anaona ukingo wa chungu. Mimi nilimjengea jiko ambalo ndani yake haoni.

Ajali ilitokea mchana, siku alipotaka kunipikia loshoro, mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwa sababu alijua nakuja. Aliwasha taa zote kwa heshima yangu. Niliona kupitia mlangoni, nikivuka ua. Mama aliinua sufuria ya mahindi kutoka mafigani, akageuka, akaishusha kwenye ubao, na ubao haukuwa pale alipoishushia. Ulikuwa pembeni, karibu nusu pima. Sufuria ilianguka na maji yote ya moto yakamwagikia miguu yake.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mahindi yamemwagika," kama anayetoa taarifa.

Shemeji alifika kabla yangu. Alimketisha, akamvua viatu vya plastiki, akamwagia maji baridi na kumfunika kwa khanga safi. Mama alikuwa anapapasa sakafuni. Nilidhani anatafuta pa kushika. Alikuwa anatafuta mwiko. Alipoupata aliufuta kwa kitenge, pande zote mbili, bila haraka, akaunyoosha mbele yake kuelekea sauti ya kilio cha mkamwana wake.

"Shika."

"Hapana, yeyo. Ni bahati mbaya tu. Kila mtu anamwaga."

"Shika, mwanangu. Mkono unauma."

"Sitaki. Mimi sijaomba."

"Najua hujaomba. Ungeomba ningekunyima," mama akasema. "Shika kabla sijabadili mawazo."

Shemeji akapiga magoti, akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa ili mama amguse utosini. Hivyo ndivyo mafiga yalivyohama. Juu yetu taa nne zilikuwa zinawaka, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi.

Baada ya mama kulala, shemeji alinikuta zizini.

"Haoni," akasema. "Ni mwaka sasa, na zaidi. Anahesabu hatua mpaka kisimani. Chumvi anaijua kwa kopo. Mboga nilikuwa nachambua mimi asubuhi, naziacha pale kama vile amechambua yeye."

"Mwaka! Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza moja kwa moja. "Ningekuambiaje, shemeji? Mimi ndiye ninayerithi jiko lile. Ningesema mama haoni, wewe ungesikia nini? Ungesikia kwamba nimechoka kupikia mvuani. Na mume wangu angesikia hivyo, na kanisa zima."

Ilikuwa kweli. Ningesikia hivyo.

"Na yeye akikuambia," aliendelea, "anakuwa ametoa mwiko kwa mdomo wake. Alikuambia kadiri alivyoweza. Alikuambia jiko lina giza."

Vidonda vya miguu vilipopona nilimpeleka mama hospitali ya misheni yenye kliniki ya macho. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwita bibi. Alizima taa ya chumba, akawasha tochi, akaileta kwenye jicho la kulia.

"Bibi, unaona mwanga?"

"Naona."

"Unatoka wapi? Juu, chini, kushoto?"

Mama aligeuza uso huku na huku. Kisha akaonyesha kidole upande wa mlango, ambako hakukuwa na kitu. Daktari akahamisha tochi. Mama akaonyesha mlangoni tena. Jicho la kushoto likawa vilevile.

Alinieleza nje kwenye korido. Mtoto wa jicho alikuwa ameiva kupita kiasi kwenye macho yote mawili, akajaza presha ndani, na presha imeua mshipa wa kuonea. Kinachobaki ni kujua tu kwamba mwanga upo. Kutoa mtoto wa jicho sasa hakutarudisha kitu. Nikamuuliza swali ambalo nadhani wote humuuliza. Akajibu kwa uangalifu, akitazama sakafu, kwamba mwaka mmoja kabla, kwa jinsi nilivyomweleza dalili, huenda ingewezekana.

Huyo ndiye mtu aliyewekewa taa mbele, na ubavuni, na nyuma, kwa mchoro uliopimwa, ili mwanga utoke mahali panapofaa.

Nyumbani mama aliniuliza daktari alisemaje, ingawa alikuwa amesikia kila kitu, masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Nikamwambia kwamba wamesema apumzike. "Nimeshapumzika," akasema.

Aliishi miaka mitano baada ya hapo. Hakukaa kwenye ngozi kando ya mlango. Shemeji alimwekea kigoda chake palepale karibu na mafiga, na kila alipomaliza kupika alimpa mama aonje kwanza, kisha akauliza mbele ya wageni, "Yeyo, tuwape hawa?" Mama alisubiri kidogo, kama mwenye chungu, ndipo akasema, "Wape." Chumvi ilibaki kuwa kazi yake. Sijui kama kuna kitabu kilichomfundisha shemeji hayo.

Jioni nikifika, nilikuwa nasikia sauti ya mama kutoka ndani kabla sijafika uani, maana alizijua hatua zangu. "Washa," alimwambia mkamwana wake. "Washa zote. Mwanangu asikute giza." Na nilipoingia alikuwa amekaa katikati ya mwanga ule wote, uso ameuelekeza mlangoni, akitabasamu mahali ambapo sikuwa nimesimama.

Baada ya mazishi nilifungua taa zile moja moja nikazishusha, isipokuwa ile ya mafigani ambayo shemeji aliihitaji. Mahindi ya mbegu yalikuwa bado darini, na chokaa ilikuwa imeshaanza kugeuka kijivu.

Siku ile kwenye korido, kwa mazoea tu, nilimuuliza daktari upasuaji ungegharimu kiasi gani, kama ungekuwa na faida. Aliniambia kwamba kwa wazee wa vijijini walikuwa wamepunguza bei mpaka shilingi elfu saba kwa jicho. Nguzo, waya, glopu, tyubu, chokaa na fundi vilikuwa vimenigharimu shilingi laki moja na elfu sitini na mbili. Kwa kutompasua mama macho yote mawili, tuliokoa shilingi elfu kumi na nne.